Shokwevu kwa kisigino, bega na kiwiko: kabla hujalipa wala kuagiza, uliza ni mashine ya aina gani

#1 Fundi Viungo

Wakuu, salaam.

Siku hizi mtu hajakaa hata kwenye kiti, hajasema anaumwa wapi, ameshauliza: "Mna ile mashine ya shokwevu?" Najua inatoka wapi. Video ziko tele Instagram. Mtu anaingia anachechemea, anapigwa kisigino na kidude kinacholia ta-ta-ta-ta, halafu anatoka anaruka kamba. Mimi ni mfiziotherapia hapa Dar na mashine hii naitumia kazini, kwa hiyo sina ugomvi nayo. Ninachogombana nacho ni kuuzwa kama dawa ya kila kiungo, na watu kulipia bila kujua wanapigwa na kitu gani.

Shokwevu (shockwave) ni tiba ya kupiga sehemu inayouma kwa mawimbi ya mshtuko, na asili yake ni tiba ya mawe ya figo. Kampuni ya ndege ya Dornier ya Ujerumani ilikuwa inachunguza jinsi matone ya mvua yanavyoharibu bodi la ndege inayokwenda kasi kuliko sauti, ikaona kwamba mshtuko wa tone husafiri ndani ya kitu kigumu na kudhuru hata mbali na pale lilipogonga. Tarehe 7 Februari 1980, mjini Munich, Christian Chaussy na wenzake wakamtibu mgonjwa wa kwanza wa mawe ya figo kwa mawimbi hayo, bila kisu. Baadaye ikaonekana mfupa uliopitiwa na mawimbi nao unaitikia. Mwaka 1991 madaktari wa Bulgaria, Valchanou na Michailov, walichapisha matokeo yao kwa mifupa iliyovunjika ikagoma kuunga. Oktoba 2000 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ikaidhinisha mashine ya OssaTron kwa maumivu sugu ya kisigino. Kwa hiyo si kitu cha jana, na si uganga.

Sasa pale penye mkanganyiko. Jina moja linabeba mashine mbili tofauti kabisa.

Ya kwanza ni ya mawimbi ya kulenga. Mshtuko unazalishwa kwa cheche ya umeme ndani ya maji, kwa koili ya sumaku-umeme, au kwa fuwele za piezo, zinazotikisika zikipewa umeme. Shinikizo linapanda kwa muda wa nanosekunde, linafika makumi ya megapaskali (kipimo cha shinikizo), na nguvu yote inakusanywa kwenye nukta moja ambayo inaweza kuwa sentimita kadhaa chini ya ngozi. Ngozi yenyewe haipati kubwa.

Ya pili ni ya mawimbi ya kusambaa. Hapa hewa iliyobanwa na kompresa inarusha risasi ndogo ya chuma ndani ya mpini. Risasi inagonga kichwa cha chuma, na kichwa kinagonga ngozi. Nguvu kubwa iko pale pale juu ya ngozi, halafu inapungua kadiri inavyoingia ndani. Ukishafika sentimita tatu au nne, iliyobaki ni kidogo. Kwa vipimo vya fizikia hilo si wimbi la mshtuko hata kidogo, ni wimbi la shinikizo. Karibu zote nilizoziona kwenye kliniki za hapa mjini ni za aina hii, ingawa bango nje linaandika lile lile.

Na msinielewe kwamba ya kusambaa ni feki. Ina ushahidi wake, na kwa kisigino, ambako shida iko karibu na ngozi, inafanya kazi. Lakini mtu akikuambia ataitumia kutibu ndani kabisa ya nyonga ya mtu mnene, hapo omba nauli yako.

Inafanya nini mwilini? Nianze na isichofanya: haivunji "mfupa ulioota" kwenye kisigino. Ukipiga picha baada ya maumivu kuisha, mwiba ule utaukuta pale pale. Wapo wengi tu wenye mwiba na hawaumwi kitu. Kinachouma kwa kawaida ni fasia, ule utando mgumu wa unyayo unaoanzia kwenye mfupa wa kisigino. Mapigo yanatuliza miishio ya neva kwa muda, na yanachokoza tishu iliyokwama iamke tena na kujijenga. Ndiyo maana haya mambo huamuliwa baada ya wiki 8 hadi 12. Aliyeondoka anacheka siku ile ile amepata ganzi ya muda. Aje tena wiki ijayo tumwone.

Mahali ambapo mimi binafsi naitoa bila kusita: kisigino sugu, kano ya Achilles (ile nene nyuma ya kisigino), na bega lenye chokaa ndani ya kano. Hilo la chokaa linataka mashine ya kulenga yenye nguvu. Utafiti wa Ujerumani uliochapishwa 2003 kwa wagonjwa 144 ulionyesha nguvu kubwa ikiishinda nguvu ndogo na mapigo ya uongo, yaani mgonjwa anadhani anatibiwa kumbe nguvu haimfikii. Bega lisilo na chokaa ni habari nyingine. Mapitio ya 2020 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaojumlisha tafiti za wengine, yalichanganya bega lenye chokaa na lisilo nayo, na hayakuona faida kubwa ya maana. Kiwiko cha tenisi, yaani maumivu ya upande wa nje wa kiwiko, kipo katikati, matokeo yanagongana. Mgongo, goti la uzee, bega lililoganda: usiniulize kwa nini zimo kwenye mabango.

Na sharti langu: maumivu yawe yamepita miezi mitatu, ikiwezekana sita, na mtu awe ameshafanya mazoezi sawasawa. Visigino vingi hupona bila mashine yoyote.

Karibuni. Maswali ruksa, matusi hapana.

#2 Kichwa cha Treni

Mkuu umeeleza vizuri. Swali langu dogo: mama yangu ana presha na anaogopa kupigwa shoti. Umeme unapita mwilini au haupiti?

#3 Fundi Viungo

Haupiti. Kinachoingia ni mtikisiko, umeme unaishia ndani ya mashine. Presha peke yake haimzuii. Niambie anatumia dawa gani. Kama yuko kwenye warfarini au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, tusubiri kwanza tuongee na daktari wake, kwa sababu sehemu inaweza kuvia damu.

Wasiopigwa kabisa ni hawa: mjamzito kwenye eneo la tumbo na kiuno, mwenye uvimbe wa saratani mahali panapopigwa, mwenye maambukizi pale pale, na mtoto ambaye mfupa wake bado una sehemu laini ya kukulia, labda bingwa aamue vinginevyo. Juu ya mapafu ni marufuku. Wimbi linapita kwenye maji na nyama bila shida, likikuta hewa linamwaga nguvu yake hapo na kuchana. Ndiyo hiyo hiyo sababu tunapaka jeli: kati ya kichwa cha mashine na ngozi isibaki hewa.

#4 Mwl. Mstaafu Mtarajiwa

Habari za humu. Mimi ni mwalimu, nasimama kutwa. Nikishuka kitandani asubuhi hatua za kwanza ni kama nakanyaga misumari, nikitembea kidogo inapoa, jioni inarudi. Nilipiga picha nikaambiwa mfupa umeota, nikauziwa kifurushi cha vipindi kumi, nilipe chote mwanzoni. Nimefanya vitatu. Kila kipindi ananichoma sindano ya ganzi kwanza ili nisisikie maumivu. Nilidhani ni huruma.

#5 Fundi Viungo

Shikamoo Mwalimu. Pole sana.

Hayo maumivu ya hatua za kwanza asubuhi ndiyo fasia yenyewe, umeyaeleza kuliko vitabu. Nina mambo mawili.

Kwanza ganzi. Utafiti wa Ujerumani wa mwaka 2005 ulilinganisha wenye ganzi na wasio nayo kwenye kisigino, na wenye ganzi walipata nafuu ndogo. Tena wewe ndiye unayemwongoza mpigaji: unapiga kelele pale penyewe, anatulia hapo, anapandisha nguvu kidogo kidogo hadi unapovumilia. Akishakutia ganzi anapiga gizani. Kama wanachanganya na steroidi (dawa kali ya kutuliza uvimbe) kwenye sindano hiyo, simamisha leo hii, maana steroidi ikirudiwa kwenye kisigino inaweza kukata fasia au kumaliza ule mto wa mafuta unaokanyagia.

Pili, hiyo kumi. Utaratibu uliochunguzwa zaidi ni vipindi vitatu, kimoja kwa wiki, mapigo kama 2,000 kila kipindi. Wengine hufika vitano. Kumi ya kulipia mwanzoni hata hujaonekana unaendaje, hiyo ni hesabu ya kodi ya fremu. Umeshamaliza vitatu, basi kaa kwanza. Jipime baada ya wiki kadhaa.

Je, walikupa mazoezi?

#6 Mwl. Mstaafu Mtarajiwa

Marahaba mwanangu. Mazoezi hapana. Niliambiwa nipumzike na nikanyage chupa ya maji ya barafu.

#7 Msema Kweli Mpenzi wa Mungu

Mimi nitakuwa mpinzani humu. Mleta mada umetaja ya upande wako tu. Utafiti wa Australia uliotoka kwenye jarida la tiba la JAMA mwaka 2002, Buchbinder na wenzake, wagonjwa 166: waliopigwa kweli na waliopigwa kidogo mno walipata nafuu sawa. Ule wa Ujerumani uliotoka kwenye jarida la tiba la BMJ mwaka 2003, Haake na wenzake, wagonjwa 272: hakuna tofauti. Kisigino kinapona chenyewe, mashine inavuna sifa. Kama mganga wa mvua anayeanza ngoma mwezi wa Machi.

#8 Fundi Viungo

Mkuu nakupa tano, tafiti hizo ni za kweli na ni nzuri. Lakini zisome ndani. Ule wa 2003 walipiga wakiwa wametia ganzi, jambo ambalo nimetoka kumwambia Mwalimu. Ule wa 2002 waliingiza hata watu wenye wiki sita tu za maumivu, yaani wale ambao wewe na mimi tunakubaliana watapona wenyewe.

Njoo sasa 2008. Gerdesmeyer na wenzake, mashine ya kusambaa, wagonjwa 245 wenye maumivu sugu, vipindi vitatu vya mapigo 2,000, bila ganzi. Baada ya wiki 12 waliofanikiwa ni asilimia 61, kwa mapigo ya uongo asilimia 42. Mwaka 2015 Gollwitzer na wenzake wakatumia mashine ya kulenga: maumivu yalishuka kwa asilimia 69 dhidi ya 34 na nusu.

#9 Msema Kweli Mpenzi wa Mungu

Sawa, lakini soma na wewe namba yako mwenyewe. 61 toa 42 ni 19. Katika watu mia uliowatoza hela, mashine imewasaidia 19. Waliobaki ama wangepona kwa mapigo ya uongo, ama hawakufanikiwa kabisa. Hilo uliandike kwenye bango.

#10 Fundi Viungo

Hesabu yako iko sawa na sina cha kuipinga. Ndiyo maana nasema ije baada ya mazoezi. Kwa mtu aliyechechemea mwaka mzima na kinachofuata ni upasuaji, nafasi hiyo ya 19 kwa mia, bila kulazwa, madhara yenyewe wekundu na kuvilia kidogo, mimi ningeichukua. Kwa mtu wa wiki tatu ni kumwibia.

#11 Mbio za Pole

Nipo Moshi, mkimbiaji wa wikiendi. Kano ya Achilles, juu ya kisigino kama vidole vitatu hivi, imevimba na asubuhi imekakamaa. Nimewahi kusikia mashine haipatani na mazoezi, eti ukipigwa upumzike mwezi. Kweli?

#12 Fundi Viungo

Kinyume chake. Rompe na wenzake, 2009, walichukua watu 68 wenye shida kama yako, katikati ya kano. Nusu wakafanya mazoezi ya kushusha kisigino peke yake, nusu wakafanya mazoezi pamoja na mawimbi. Baada ya miezi minne, waliopona kabisa au karibu kabisa ni asilimia 56 kwa mazoezi tu, na 82 kwa vyote viwili. Mashine bila mazoezi ni nusu ya kazi. Siku mbili tatu baada ya kupigwa usikimbie mteremko wala kuruka, basi. Kutembea na mazoezi ya taratibu endelea.

Ingekuwa inauma pale kano inapojishika kwenye mfupa, ningekubadilishia: usishushe kisigino chini ya ngazi, ishia usawa wa sakafu.

#13 Mtoto wa Kisauni

Hamjambo. Niko Mombasa, nina kliniki ndogo na mwenzangu. Tumeona mashine mtandaoni za kutoka Uchina, dola mia chache tu, nazo za Uswisi zinavuka elfu kumi. Zote zinaandika "baa" kwenye kioo. Ile ya bei nafuu yaandika hadi baa 6 na zaidi! Tofauti iko wapi hasa, au twalipia jina?

#14 Fundi Viungo

Swali zuri, na hapa nitakaa kidogo maana wenzetu wengi wanaumia hapa.

Kwanza angalia kama hiyo mashine ina kompresa. Nyingi za bei hiyo hazina. Ndani ya mpini kuna koili ya sumaku inayorusha risasi. Hiyo si dhambi, hata Wajerumani wanatengeneza za koili. Ila baa ni kipimo cha shinikizo la hewa, na kama hewa haimo, ile namba imeandikwa tu ili ipendeze. Wengine wanaandika milijuli: hiyo ni nguvu ya risasi ndani ya mpini, huwezi kuilinganisha na milijuli kwa milimita ya mraba zinazotajwa kwenye tafiti. Muulize muuzaji swali moja: kwenye ngozi inatoka kiasi gani, na nani alipima? Ukipewa picha ya mwanamitindo anayetabasamu, umeshajibiwa.

Pili, na hili ndilo linaloua biashara: mpini unalika. Risasi na mrija wake vinasagana kila pigo. Watengenezaji wanataka ufanyiwe ukarabati kila baada ya mapigo milioni moja au mbili, kutegemea aina. Piga hesabu: mapigo 2,000 kwa kipindi, milioni moja ni vipindi 500. Ukihudumia watu watano kwa siku, ni siku 100 za kazi. Miezi minne na ushee, mpini umeisha! Baada ya hapo mashine inaendelea kulia vile vile, ila pigo limelegea, na wewe unashangaa mbona wateja wa sasa hawaponi kama wa mwanzo. Kwa hiyo bei ya kununua ni mwanzo tu. Uliza bei ya kifaa cha ukarabati, nani anakiuza Nairobi au Mombasa, na kinafika kwa muda gani.

Kwa sisi wa pwani ongeza unyevu. Kompresa inakusanya maji, usipoyamwaga yanaingia kwenye mpini na kutu inaanza. Na uweke stabilaiza.

Halafu usajili. Kwenu vifaa tiba viko chini ya Bodi ya Dawa na Sumu, kwetu ni TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Mzigo ukizuiwa bandarini, muuzaji wa mtandaoni hapokei simu.

#15 Mtoto wa Kisauni

Ahsante sana kaka. Hiyo hesabu ya mpini hakuna aliyetwambia. Twatafuta iliyotumika yenye karatasi zake basi?

#16 Fundi Viungo

Iliyotumika sawa, ila ina kihesabu cha mapigo ndani. Iwashe uone kihesabu kabla hujatoa shilingi.

#17 Jongoo Hapandi

Wakuu mnazunguka tu. Zile wanazotangaza kwa ajili ya nguvu za kiume, ndiyo mashine hii hii? Nauliza kwa niaba ya rafiki.

#18 Kichwa cha Treni

Rafiki anaitwa Jongoo 😂😂

#19 Fundi Viungo

Mwambie rafiki hivi. Zinazochunguzwa kwa shughuli hiyo ni mawimbi ya kulenga ya nguvu ndogo, na chama cha madaktari wa mkojo wa Marekani, kwenye mwongozo wake wa 2018, kiliiweka kwenye kundi la majaribio bado. Hii ya risasi tunayopigia visigino si hiyo. Asikubali kupigwa nayo huko. Aende akapime sukari na presha kwanza, mara nyingi tatizo linaanzia huko.

#20 Hamburg Baridi

Nimesoma uzi wote, hongera mleta mada. Niko Ujerumani, nimepigwa kisigino huku. Toka Januari 2019 bima za umma huku zinalipia, lakini kwa kisigino tu, na lazima uwe umeteseka miezi sita na tiba nyingine zimeshindikana. Viungo vingine unatoa mfukoni. Na hii ndiyo nchi inayozitengeneza! Kwa hiyo mkiona bango la "inatibu magonjwa 30", mjue hata wenye mashine wenyewe hawajaenda huko.

Maumivu ya kupigwa sitaki kuwadanganya, kipindi cha kwanza nilishika kitanda. Cha tatu nilikuwa naongea na simu.

#21 Msema Kweli Mpenzi wa Mungu

Hilo la Ujerumani limenifurahisha. Miezi sita, kisigino tu. Hapo mimi na mleta mada tunaweza kunywa chai meza moja.

#22 Mwl. Mstaafu Mtarajiwa

Mwanangu Fundi, nimeenda kuwaambia sitaki sindano tena. Wamenuna, hela iliyobaki wanasema hairudi, ila wamekubali ibaki kwa ajili ya baadaye. Sasa hayo mazoezi ni yapi? Niandikie kama unavyomwandikia mtoto wa darasa la tatu.

#23 Fundi Viungo

Mwalimu, haya yametoka kwenye utafiti wa Denmark wa 2015, ambapo waliofanya walikuwa na maumivu madogo baada ya miezi mitatu kuliko walionyoosha tu.

Kunja taulo liwe kama gogo dogo. Liweke kwenye ngazi ya chini, simama juu yake kwa mbele ya mguu, vidole viwe vimepandishwa na taulo, kisigino kinaning'inia. Shika ukuta. Panda taratibu ukihesabu tatu, kaa juu ukihesabu mbili, shuka ukihesabu tatu. Mguu unaouma peke yake. Kama huwezi, anza na yote miwili. Rudia hadi uchoke, kama mara 12, pumzika, fanya awamu tatu. Siku moja ndiyo, siku moja hapana. Ikishakuwa rahisi, vaa begi mgongoni na uweke vitabu ndani, uongeze kidogo kidogo.

Itauma kidogo wakati wa kufanya, hiyo inaruhusiwa. Ikiwa kesho yake asubuhi maumivu yamezidi ya jana, punguza awamu moja. Darasani vaa kiatu chenye soli inayobonyea, ndala za nyumbani ziache kwanza.

#24 Mwl. Mstaafu Mtarajiwa

Vitabu ninavyo vya kutosha. Naanza leo jioni.

#25 Mbio za Pole

Fundi, hayo ya taulo na sisi wa Achilles tunafanya?

#26 Fundi Viungo

Taulo toa, ngazi baki nayo. Goti likiwa limenyooka awamu tatu za 15, likiwa limekunjwa kidogo awamu tatu za 15, kutwa mara mbili.